Namba Sabini na Nne Juu ya Tela la Samadi

Yule mtu wa majani nilimtengeneza mimi. Nalisema mapema kwa sababu baadaye kila mtu alitaka kusema "alitengenezwa," kana kwamba alijiotea mwenyewe shambani. Nilimshindilia mabua ya mahindi miguuni na majani ya ngano kifuani, nikamvika jezi nyeusi na njano, nikamkalisha juu ya tela la kumwagia samadi karibu na geti. Mama ndiye aliyeshona namba mgongoni, sabini na nne. Jina juu ya namba nililiandika mimi, kwa rangi ileile ninayopakia mitambo: BROUWER.

Nyumbani kwetu desturi hiyo ni ya zamani kuliko mimi. Kila Jumatano kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ukoo wetu wa Kovarik humtengeneza mtu wa Iowa, jimbo jirani. Alhamisi wageni wanakuja kula bata mzinga, na hakuna anayevuka mlango wa jikoni bila kumchapa kwanza kwa mpini wa koleo. Ijumaa timu ya chuo kikuu chetu inakutana na timu ya chuo chao, mpira ule wa kubebwa mkononi na kugongana kama madume ya ng'ombe. Wiki hiyo Nebraska nzima inavaa nyekundu. Ukifa wiki hiyo, unazikwa na tai nyekundu, upende usipende.

Mwaka huu kuchapa kulikuwa na mahali pake: goti la kushoto. Mwaka jana kijana huyo Brouwer alimwangukia mrusha mpira wetu gotini, goti likachanika, tukafungwa. Refa hakuona kosa. Sisi tuliliona, hata wale waliokuwa chooni.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu mwezi wa sita nilikuwa nampenda mama yake.

Jina lake Joleen Haverkamp. Anapima malori kwenye ghala la nafaka upande wa pili wa Mto Missouri. Mimi ni fundi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, baba alipovunjika mgongo, na tangu hapo natengeneza chochote kinachozunguka. Mkanda wao wa kupandishia mahindi ulikatika, wakaniita. Nilipomaliza nilikuwa na grisi mpaka kwenye kope. Nikapitisha pikapu yangu juu ya mizani, naye akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, gari lako limeongezeka uzito tangu asubuhi. Umetuibia mahindi?"

"Ni grisi, mama."

"Basi shuka unawe. Nina kahawa."

Alinitazama kama mtu anavyotazama kitu sokoni anachofikiria kwenda nacho nyumbani. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, mke alikwishaniacha zamani, na sikuwa nimetazamwa hivyo tangu nywele zangu zilipokuwa zote kichwani.

Mwezi wa nane, tukila samaki wa kukaanga kando ya mto, aliniambia habari za mwanawe.

"Anaitwa Tate. Anatumia jina la baba yake, Brouwer. Anavaa sabini na nne."

Uma wangu ukasimama hewani.

"Unamjua?"

"Nimewahi kumsikia," nikasema.

Nimewahi kumsikia! Nilikuwa nimemwapiza kijana huyo mbele ya televisheni mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa nimemwombea mguu uvunjike. Na mwezi wa tisa ukavunjika kweli. Mfupa wa goti ulipata ufa. Joleen alilala siku nne kwenye kiti cha hospitali. Nilimpelekea supu, nikamshika mkono, nikamwona kijana mwenyewe kitandani, uso wa kitoto juu ya mwili wa jokofu. Jioni hiyo nikarudi nyumbani kwetu, mdogo wangu Delmar akanifungulia bia akicheka. "Mungu halali, kaka! Goti kwa goti!"

Nikainywa ile bia.

Nyumbani nilikwishawaambia kwamba nina mwanamke, kwamba anatoka Iowa, na kwamba mpira haumhusu. Mama alikunja uso kwa sababu ya Iowa peke yake. Hayo mengine sikuthubutu. Ilipofika Jumatano, Delmar akaleta jezi na Mama akaleta sindano, nami nikashika brashi kama kila mwaka. Nilijiambia kwamba kesho yake saa sita nitalivuta tela nyuma ya banda, nidai limepata pancha. Joleen nilimwalika saa saba.

Alikuja saa tano.

Nilikuwa ndani namenya viazi na Mama. Nilisikia gari, nikasikia Delmar, ambaye alikuwa nje akikaanga bata mzinga kwenye sufuria kubwa la mafuta, akipaza sauti ile yake ya mnada.

"Karibu, shemeji! Karibu Nebraska! Pasipoti unayo?"

"Imo ndani ya bakuli hili, chini ya mahindi ya krimu," Joleen akajibu. "Nimekuja mapema nisaidie jikoni. Merle yuko wapi?"

"Jikoni, anaharibu viazi. Lakini hapiti mtu hapa bila ushuru. Weka bakuli chini. Shika huu mpini."

Nilidondosha kisu. Mama akanitazama.

"Una nini?"

Nilitoka mbio na aproni ya Mama kiunoni, ile ya maua. Nilipofika uani Joleen alikuwa ameshashika mpini wa koleo mkononi, anacheka, upepo unampeperusha nywele. Binamu zetu wawili walikuwa pembeni na bia zao wakimshangilia.

"Goti la kushoto, shemeji!" Delmar alikuwa anamfundisha. "Sisi hapa hatupigi ovyo, tunapiga kwa sababu. Mpige huyo mshenzi uone kesho atakavyochechemea!"

"Joleen," nikaita.

Alikuwa amekwishazunguka tela. Alikuwa amefika mgongoni.

Kuna namna mtu anaacha kucheka ambayo huwezi kuisahau. Mdomo wake ulibaki vilevile, bali macho yakaondoka. Alisoma jina, akasoma namba. Kisha akashuka kwa macho mpaka kwenye goti la kushoto, ambako mabua yalikuwa yamechapwa mpaka yakatokeza nje ya suruali kama mifupa. Watu tisa walikuwa wamekwishapita asubuhi hiyo. Mimi nilikuwa wa kwanza.

"Ni nani huyu?" akauliza polepole.

"Si yule ng'ombe wao, Brouwer," Delmar akasema. "Si Merle alisema mpira haukuhusu? Basi usijali, piga tu."

Joleen hakumtazama Delmar. Alikuwa ananitazama mimi na aproni yangu ya maua.

"Merle. Hiyo R ni yako. Kwenye karatasi zako zote za matengenezo, R yako ina mguu mrefu. Uliandika wewe?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari mdomoni, mtamu kama pai.

"Niliandika mimi."

"Lini?"

"Jana."

"Jana." Aliweka mpini chini taratibu, kama unavyoweka kitu cha mwenyewe usiyetaka kumwamsha. "Jana saa mbili usiku ulinipigia simu ukaniuliza Tate amelalaje."

Delmar alitutazama, mmoja mmoja. "Tate gani?"

Joleen alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye gari lake. Nikamkimbilia, nikamfikia akiwa ameshika mlango.

"Nilitaka kulihamisha tela kabla hujafika. Nilikuambia saa saba."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwahi?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Ungelificha nyuma ya banda, ningeingia, ningekula, ningemsifia mama yako mchuzi, na mwanangu yuko nyuma ya banda amevunjwa mguu. Wewe ungenipitishia chumvi."

"Ni majani tu, Joleen. Ni mchezo. Hata baba yangu..."

"Nimezaliwa Iowa, Merle, najua mchezo! Sisi wenyewe tunawatengeneza nyinyi kwa mahindi yaliyooza. Sikasirikii majani." Sauti yake ilianza kukatika, akaikaza. "Wewe ulimwona. Ulisimama kando ya kitanda chake. Ulimwona analia akidhani nimelala. Hao kina Delmar hawakumwona. Wewe ulimwona, ukaja hapa ukamchapa."

Nilifungua kamba ya aproni, nikaifunga tena.

"Unajua kwa nini nimewahi?" akasema. "Kesho ndiyo mara yake ya mwisho kuichezea timu ya chuo. Wiki tisa za magongo, na kocha amemwambia atamwingiza, hata kama ni dakika tatu. Wazazi wa wachezaji tunapewa tiketi mbili. Baba yake haji. Nilitaka kukuomba kabla ya chakula, jikoni, tukiwa wawili, ukae na mimi."

"Nitakaa na wewe."

"Sasa sijui kama nakutaka pale."

Akaingia garini. Alishusha kioo, nikadhani ananionea huruma.

"Mwambie mama yako anitunzie bakuli. Ni la dada yangu."

Gari likatoka getini, likapita kando ya tela. Niliona taa za breki zikiwaka pale kidogo, kisha zikazima.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama kibarazani amejifunika koti la marehemu baba. Ana miaka themanini, bado anapanda ngazi zote za uwanja mpaka safu ya arobaini na mbili, ambako ukoo wetu una viti vinne tangu kabla sijazaliwa. Viti hivyo havinunuliwi. Vinarithiwa, kama ugonjwa wa moyo.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka. Brouwer ni mwanawe, Mama."

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye sufuria. Halafu Delmar akashika kichwa.

"Nimempa mpini! Merle, nimempa mama mtu mpini! Ungeniambia, bwana! Mimi mjinga, sawa, lakini si mnyama."

"Najua. Mnyama ni mimi."

Nikapanda juu ya tela. Nilimshika mtu wa majani kwapani nikaanza kumshusha.

"Merle," Mama akasema. "Huyo hashuki mpaka mchezo uishe. Hajawahi kushuka. Ukimshusha leo tunafungwa kesho."

"Basi tutafungwa."

"Baba yako alilala hoi kwenye kitanda na alitambaa mpaka dirishani amwone huyo. Wewe unamshusha kwa ajili ya mwanamke wa miezi mitano?"

"Mama, baba hakuwahi kula na mama wa mtu huyu. Mimi nimekula naye."

"Na kwa nini usitafute wa hapa? Twyla wa duka la mbegu amekaa mjane mwaka wa nne, nyumba yake safi, kura yake ya chama chetu chekundu, damu yake nyekundu..."

"Damu ya kila mtu nyekundu, shangazi," binamu mmoja akasema, kisha akajuta, akatazama bia yake.

Niliivua ile jezi. Nyuzi za Mama zilikuwa imara, nikalazimika kutumia kisu cha mfukoni kutoa namba. Mama alinitazama nikikata kila mshono, ameibana midomo. Mabua niliyatupa kwa ng'ombe.

Chakula tulikula kimya, jambo ambalo katika nyumba ile halijatokea tangu mazishi. Bata mzinga aliungua upande mmoja. Bakuli la mahindi ya krimu lilikaa katikati ya meza, hakuna aliyeligusa, mpaka Delmar alipojipakulia vijiko vitatu, akala akiangalia chini.

"Mazuri," akasema. "Yana jibini kidogo."

"Nyamaza wewe," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia, akaongea taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nitakuambia mara moja. Kesho ukikaa kule kwao, kiti cha baba yako nampa Delmar, na cha Delmar nampa yeyote. Hukai tena safu yetu. Si adhabu. Mtu hakai pande mbili za uwanja."

"Hata kama hajanisamehe? Hata kama nitafika anifukuze?"

"Basi utakuwa umepoteza vyote viwili. Umeshakuwa mtu mzima."

Kiti kile najua kila msumari wake. Nilikikalia mara ya kwanza nikiwa na miaka saba, kwenye mapaja ya baba, nikilamba chokoleti ya moto kwenye glavu zangu. Nataka nieleweke: si kitu kidogo. Watu wengine wana kanisa.

Ijumaa nikaamka mapema, nikaendesha peke yangu. Barabara kuu yote ilikuwa nyekundu, magari yanapeperusha bendera, watu wanapigiana honi kama harusini. Kwenye maegesho moshi wa soseji ulikuwa umetanda, na sauti kutoka kila redio zilikuwa zinabishana juu ya kitu kimoja: je, sabini na nne atacheza? Mzee mmoja aliyenijua akanishika bega. "Tumwombee acheze, Merle! Tuna hamu naye!" Nikamwitikia kwa kichwa. Mazoea.

Sikwenda kwenye geti letu. Nilikwenda lango la kusini, la wageni, nikasimama pale na koti langu jekundu katikati ya watu waliovaa nyeusi na njano. Walinicheka. Mama mmoja aliyejichora kidevu njano akaniuliza kama nimepotea au nimetubu.

"Bado sijajua," nikamjibu.

Joleen alikuja saa saba kasoro. Alikuwa amevaa jezi ya mwanawe juu ya sweta mbili, macho yamevimba. Aliponiona alipunguza mwendo, lakini hakusimama mpaka alipofika hatua mbili mbele yangu.

"Umevaa nyekundu," akasema.

"Ndilo koti nililo nalo. Sikutaka kununua jeusi nije nijifanye."

"Umekuja kuniambia nini?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanitoka kichwani.

"Nilikuwa wa kwanza kumchapa. Asubuhi, kabla ya wengine. Hukujua hilo, nataka ulijue kutoka kwangu. Nilimchapa kwa sababu Delmar alikuwa ananitazama, na niliogopa. Nimewaogopa watu wangu maisha yangu yote, Joleen. Jana nimemshusha mbele yao, namba nimeitoa kwa kisu. Mama amenitoa kwenye viti. Sisemi haya ili unionee huruma. Nasema ili usiyasikie kwa mtu mwingine."

Watu walikuwa wanatupita, wanatugonga mabega. Alinitazama usoni kama anayesoma mizani asiyoiamini, anayetaka lori lishuke lipande tena.

"Wewe wa kwanza," akasema.

"Mimi."

"Ningependa kukupiga kofi."

"Piga."

"Mikono yangu ina baridi." Akaiingiza mfukoni, na mmoja ukatoka na tiketi mbili. "Sikupi hii kwa sababu nimekusamehe. Nakupa kwa sababu sitaki kukaa peke yangu. Wakimzomea, nitasimama. Mimi husimama. Wewe ufanye unachoweza."

Tulikaa chini kabisa, karibu na nyasi. Safu ya arobaini na mbili ilikuwa upande wa pili, mbali, vidoa vyekundu ndani ya wekundu. Sikuweza kumtambua Mama, lakini najua yeye huja na darubini ya baba.

Timu yao ilitoka kupasha misuli. Sabini na nne alikuwa wa mwisho, goti limefungwa chuma na mikanda, anakimbia kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Kwa sekunde moja uwanja haukumwona. Kisha ukamwona.

Nimezomea maisha yangu yote. Sikuwahi kusikia kunavyosikika ukiwa upande huu. Kunaingia kifuani. Kulikuwa na neno ndani yake, wanaliimba wote pamoja, na neno lenyewe lilikuwa "goti."

Joleen alisimama. Alikuwa mdogo sana pale, mikono ubavuni, hapungi, haiti. Kijana akainua uso akamtafuta kwenye safu za wazazi.

Sitaki kuwadanganya kwamba niliruka. Nilifikiria darubini. Nilifikiria Jumatatu, duka la vipuri, wanaume wote wale watakaonyamaza nikiingia. Halafu nikasimama, koti jekundu peke yake katikati ya jezi nyeusi, na nyuma yangu wa Iowa mmoja akaniambia nikae nisimzibe, na kutoka upande wa kwetu mtu akarusha kikombe cha soda kikanipata begani.

Kijana alimwona mama yake. Kisha akaniona mimi. Hakupunga mkono. Alivaa helmeti yake akarudi kwa wenzake.

Tukakaa. Soda ilikuwa inanichuruzika mgongoni. Nilisogeza mkono wangu kwenye benchi, nusu ya njia kuelekea kwake.

"Usinishike," Joleen akasema, akitazama mbele. "Leo usinishike."

"Sawa."

Akavuta pumzi. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Hamia upande huu," akasema. "Upepo unatokea huku."

Nikahamia upande wa upepo. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini mchezo uanze.